Faili Tupu Nililolifuta

Izia, Sumbawanga
Alhamisi, saa tisa alasiri

Skola mwanangu,

Sisi hatujambo, kama unavyotuona mwenyewe kila siku. Nakuandikia kutoka meza ileile uliyonywea chai asubuhi ya leo ukaacha kikombe bila kukiosha. Watu huanza barua kwa kuulizana hali, lakini mimi nawe tunalala ukuta kwa ukuta, nikikohoa unasikia. Hali yako naijua. Una furaha mpaka unasahau vikombe.

Sasa hivi uko Ilemba unamuaga bibi yako. Jioni utarudi na samaki wa Rukwa kwenye ndoo na nasaha zake, ambazo nazijua zote kwa sababu alinipa mimi kwanza. Kesho alfajiri unapanda basi la Dodoma. Kwa hiyo nina saa tatu hivi za kuandika, nyumba ikiwa kimya, baba yako akiwa shamba.

Sitakuandikia habari ya sweta, kula vizuri, kusali, wala kutomwamini mtu wa kwanza atakayekuchekea stendi. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka baba yako akaniomba nipumzike kidogo kwa afya yake. Nina jambo moja tu. Nimelibeba karibu mwaka mzima, na nimejiapiza kwamba hutaondoka hapa kabla hujalijua.

Lile faili, Skola. Lile faili tupu ambalo lilikosekana, programu yako ikaanguka mbele ya watu wa Dodoma. Ni mimi niliyelifuta.

Pumua. Nami nimepumua.

Ilikuwa hivi. Unakumbuka nilikuwa nikiazima kompyuta yako kuchapa muhtasari wa vikao vya kikundi chetu cha kina mama. Siku ile ulikuwa umekwenda Majengo kutafuta waya wa chaji. Nikamaliza kuchapa, nikahifadhi, halafu sikuona nilikohifadhi. Unanijua nikitafuta kitu: nafungua kila mlango. Nikaingia kwenye folda moja, nikaingia kwenye nyingine, nikajikuta ndani ya kazi yako, ile programu uliyokuwa unatutengenezea ya kuandikisha wanachama na kuweka picha zao. Humo nikakuta folda imeandikwa "picha." Nikafurahi, nikadhani nitatuona sisi kina mama tumejipanga na vitenge vyetu. Ndani hakukuwa na picha hata moja. Kulikuwa na faili moja lenye jina la ajabu, linaanza na nukta kabla ya herufi yoyote. Nikalifungua. Tupu. Hata neno moja.

Nikasema, huyu mtoto nimemlea mwenyewe, uchafu huu ameutoa wapi? Nikalifuta. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kumaliza kazi, nikaenda kwenye kapu la taka nikalifuta na huko pia.

Uliporudi na waya wako nilikuwa napika kande, moyo mweupe kabisa. Nilidhani nimekusaidia.

Siku ile watu wa Dodoma walipokuita kwa usaili wa kazi kwa video, mimi na baba yako tulikuwa tumekaa nyuma ya mlango kama watoto. Tukakusikia unawaeleza vizuri. Wao wakaichukua kazi yako kutoka huko unakoiweka mtandaoni, wakaiwasha kwenye mashine yao, wakajaribu kumwandikisha mtu na picha yake. Halafu tukasikia mmoja anasema kwa upole, "Inaanguka." Ukajaribu kwako, inafanya kazi. Wao wakajaribu tena kwao, inaanguka. Baba yako akanishika mkono. Walikushukuru, wakasema ujaribu tena wakati mwingine. Nafasi ile akapewa mtu mwingine.

Mpaka hapo nilikuwa sijui kitu. Nilijua jioni, mezani, ulipotueleza kilichotokea. Ulituambia mfumo wenu wa kutunza matoleo, ule unaokumbuka kila hatua ya kazi na jina la aliyeifanya, unahesabu mafaili tu. Folda yenyewe hauioni. Folda ikiwa haina kitu ndani, kwa mfumo ule ni kama haipo, na kazi ikichukuliwa kwenda mashine nyingine, folda hiyo haisafiri. Ndiyo maana mnaweka ndani yake faili dogo tupu, ili folda ipate kuonekana. Kwako folda ya picha ilibaki, kwao haikufika, programu ikaenda kuweka picha mahali ambapo hapakuwapo.

"Na nilikuwa nimeliweka, Mama," ukasema. "Nimeangalia historia. Nimelifuta mwenyewe. Jina langu liko pale na saa iko pale. Hata sikumbuki. Yaani mimi ni mzembe kiasi hicho?"

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikajua palepale. Ile nukta ikanijia mbele ya macho. Na unajua nilifanya nini? Nilisema, "Pole mama, kila mtu hukosea." Nikakupapasa mgongo. Nikakufariji kwa kosa langu mwenyewe.

Sasa, mtu mwingine angeweza kujitetea kwamba hajui kompyuta. Mimi sina hata utetezi huo. Uliponieleza habari ya faili tupu nilielewa kuliko baba yako, kuliko hata wewe ulivyotarajia, mpaka ukacheka katikati ya machozi ukasema, "Mama, wewe ni noma." Nilielewa kwa sababu kosa hilohilo nilishawahi kulifanya, kabla hujazaliwa, kwa majalada ya karatasi. Hili sijawahi kukusimulia. Unaijua masijala ya idara ya elimu niliyofanyia kazi mpaka nikastaafu, unazijua hadithi zangu za kuchekesha, lakini hii niliiruka kila mara.

Nilikuwa na miezi mitatu kazini. Mkuu wetu alikuwa Mzee Nikodemo, mtu aliyevaa koti la sufu mwaka mzima na kunusa kila jalada kabla ya kulifungua. Orodha ya walimu wapya ilikuwa ikija kabla ya walimu wenyewe. Kwa kila jina Mzee alifungua jalada, akaandika jina na namba juu, na ndani akaweka karatasi moja ya dokezo yenye mstari mmoja: "Jalada limefunguliwa. Mhusika hajaripoti." Basi. Nilimuuliza kwa nini tunapoteza karatasi kwa watu ambao hata hawajafika. Akanitazama juu ya miwani. "Leokadia," akasema, "ndiyo maana hasa. Aliyefika anaweza kujisemea."

Maneno mazuri, yakaingia sikio hili yakatokea lile. Wakaguzi walikuwa wanakuja, nikapewa kazi ya kupanga rafu. Nikaona majalada zaidi ya kumi hayana kitu ila karatasi moja moja. Nikayatoa. Majalada yenyewe nikayapa kazi nyingine, karatasi nikampa tarishi wetu, Kaka Severini, akazichome nyuma ya jengo. Rafu ikapendeza. Wakaguzi wakasifu. Mimi nikatembea wiki nzima kifua mbele.

Kisha akaripoti mwalimu mmoja, Anosiata, akapelekwa shule ya mbali kidogo. Akaandika barua kuomba ruhusa ya kwenda kufunga ndoa kijijini kwao. Barua ilifika ofisini. Severini aliipokea, akatafuta jalada lake, hakuna. Akaiweka kwenye trei ya barua zisizo na kwao, na barua ikiingia kwenye trei ile ni kama imeingia kaburini. Ruhusa haikutoka.

Nyumbani kwao pombe ya ulezi ilikuwa imeshapikwa, na unajua, ulezi ukishachachuka haungoji sahihi ya mkubwa yeyote. Jumamosi watu walikuja, wakanywa, wakacheza, bwana harusi amesimama na suti yake anaangalia barabara. Bibi harusi yuko darasani siku hiyo anasahihisha madaftari, kwa sababu alikuwa mtu asiyetoka kituoni bila ruhusa. Harusi ilifanyika wiki tatu baadaye, kwa soda.

Alipokuja ofisini alikuwa amevimba kwa hasira, na alikuwa na haki. "Barua yangu iko wapi?" Mzee Nikodemo akatugeukia. Nami, Skola, sikusema uongo. Sikusema neno lolote. Nilimtazama Severini tu. Watu wote wakafuata macho yangu.

Severini akapewa onyo la maandishi. Na kwa kuwa mimi ndiye karani, nililiweka mimi kwenye jalada lake, kwa mkono wangu. Folio ya saba, yaani karatasi ya saba jaladani. Mpaka leo naikumbuka namba.

Kwa hiyo jioni ile nilipokupapasa mgongo, nilikuwa naifanya dhambi ileile kwa mara ya pili. Safari hii hata kutazama sikuhitaji. Mfumo wenu ulikwisha kukutazama kwa niaba yangu. Nilifuta mimi, lakini kompyuta ni yako, na ulipohifadhi hatua yako jioni ile kwa haraka, ukahifadhi na ufutaji wangu humohumo. Historia ikaandika Skolastika. Karani mzima wa masijala nikakaa nikaona kumbukumbu ya uongo inabaki kwenye jalada la mwanangu, nikanyamaza.

Niliogopa. Nakwambia wazi. Niliogopa utaniangalia kwa jicho ambalo Anosiata alituangalia nalo. Nikajiambia nitasema ukipata kazi nyingine, utakuwa na furaha, halitauma. Kila wiki nikajipa sababu.

Halafu wakakuita tena. Ukarudi kutoka kwenye usaili unaruka. Ulituambia walikuuliza, tuelezee kosa ambalo umewahi kulifanya na ulichojifunza. Ukawaeleza habari ya faili tupu, jinsi ulivyolifuta bila kujua, jinsi ulivyoibadili programu sasa ijitengenezee folda yenyewe ikikuta haipo. Wakapenda. Wakakupa kazi. Baba yako akachinja jogoo. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu mpaka jirani akauliza kama mimi ni mzima. Kazi umeipata kwa kosa langu! Sidai chochote. Lakini kicheko kilipokwisha nikaona aibu, maana hata siku ya ushindi wako umesimama mbele ya watu ukakiri kitu ambacho hukukifanya.

Ndipo nikaamua kuanza na deni la kwanza. Jumatatu iliyopita, nilipokwambia naenda kununua mkoba wako wa safari, nilipitia Majengo kwa Severini. Ana kibanda cha kutengeneza baiskeli siku hizi, mvi kichwa kizima.

"Shikamoo, Kaka Severini."

"Marahaba, Leokadia. Baiskeli ina nini?"

"Sina baiskeli."

"Basi umekuja na maneno. Kaa."

Nikakaa juu ya tairi. Nikamwambia yote, majalada, rafu, macho yangu. Alicheka mpaka akaweka spana chini.

"Dada, mimi nilijua," akasema. "Zile karatasi si ulinipa mimi nikachome? Nilizisoma kwanza. Tarishi gani anachoma karatasi bila kusoma?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

"Miaka yote hii!"

"Ah, mwaka wa kwanza niliumia. Wa pili nikaoa, nikawa na mambo mengine." Akafuta mikono kwa tambara. "Ila kanisani, wakati wa kupeana amani, ulikuwa unanipa mkono unatazama ukutani. Hilo ndilo lilikuwa linaniudhi."

Nikalia, tukacheka, akaniagizia chai na mihogo ya kukaanga. Halafu, kwa kuwa mdomo ulikwisha kufunguka, nikamsimulia na habari yako. Safari hii hakucheka. Akazungusha gurudumu.

"Mimi nilipewa onyo," akasema, "lakini nilijua sikukosea. Nililala usingizi. Huyo binti anaamini amekosea. Usimwache aondoke nalo hilo."

Skola, nimekuona mwaka huu. Nimekuona unakagua kitu mara tatu, mara nne, unarudi kukagua tena. Nimekusikia unasema "mimi na uzembe wangu" kama mtu anayetaja jina la ukoo. Unapika chai unasema hivyo, unatafuta ufunguo unasema hivyo. Wewe si mzembe. Uliliweka faili lile mahali pake, kwa wakati wake, na ulijua kwa nini. Kuwa makini umekuwa makini, na ni jambo jema, uende nalo. Lakini jina hilo la mzembe liache hapa. Si lako. Ni langu, nami nimelizoea, halinibani. Wewe kosa lako kwenye habari hii ni moja tu, kikombe cha chai, na hicho nimeshakiosha.

Naomba mambo mawili. La kwanza ni la kazi. Ukipata nafasi, andika hatua mpya kwenye mfumo wenu, na kwenye yale maneno ya maelezo useme kwamba faili la folda ya picha lilifutwa na mama, bila wewe kujua, akidhani ni uchafu. Usiende kubadilisha historia ya zamani, hata kama mnao ujuzi huo. Masijala tulifundishwa kwamba kilichokosewa hakifutwi kwa kifutio. Kinakatwa mstari mmoja, cha chini kibaki kinasomeka, na anayekata anaweka sahihi yake. Weka jina langu. Andika Leokadia, kwa herufi zote. Na wakikuuliza huko kazini, waambie. Wakicheka, cheka nao.

La pili ni la chumba chako. Baba yako ameshakipima kwa miguu. Ana mpango wa magunia ya mahindi, ametafuta na mbao za kuyainua yasipate unyevu, anatembea humo ndani kama bwana ardhi. "Mama Skola," ananiambia, "chumba kitakuwa kitupu, kitakaa bure." Nikamwambia kitupu si bure, somo hilo nimelilipia ada mara mbili. Tumebishana siku mbili. Leo asubuhi nimemaliza ugomvi kwa njia ninayoijua. Nimechukua jalada, nimeandika jina lako juu, nimelitundika nyuma ya mlango wa chumba chako, na ndani nimeweka dokezo: "Folio ya kwanza. Chumba hiki ni cha Skolastika. Mhusika yuko safarini." Nikatia sahihi. Nikamwambia baba yako naye atie, kwa kuwa ni mwenye nyumba. Alikaa na kalamu muda mrefu. Akatia sahihi, na chini yake akaongeza kwa mwandiko wake ule wa kuku: "Isipokuwa magunia manne, pembeni."

Nimemwachia manne. Na yeye atakukosa, Skola, hajui tu aseme vipi isipokuwa kwa mahindi.

Nilikuwa nimepanga barua hii niisukume chini kabisa kwenye mkoba wako, uikute ukiwa umeshapita Laela, mimi nikiwa mbali nakula ugali wangu kwa amani. Nilikuwa nimeshaikunja. Kisha Severini akanijia mbele ya macho, na ule mkono wa amani na ule ukuta. Nikaikunjua.

Nimebadili mpango. Nitakupa mkononi jioni hii, ukishatua ndoo ya bibi, na nitakaa hapohapo mbele yako mpaka umalize. Kwa hiyo sasa hivi, unaposoma mstari huu, niko ng'ambo ya meza najifanya nachambua maharage. Nimeshayachambua mara mbili, hayana hata jiwe. Naogopa, lakini sitatazama ukutani.

Inua macho, mwanangu.

Mama yako,
Leokadia